Deni Halifi, Huhama

Kra! Kra! Kraaak!

Mlio ulinikuta kwenye ngazi za nje, bado nakung'uta theluji viatuni. Nilidhani mashine ya kusagia soseji ya Shangazi Ludmila imemeza kijiko. Kisha nikasikia makofi na vicheko, nikaingia jikoni mbio.

Haikuwa kijiko. Ilikuwa kadi yangu.

"Umechelewa mazishi," alisema Shangazi, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukizungusha mpini wa mashine. "Marehemu alikuwa mgumu wa mifupa, lakini kasagika."

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, nitakukumbusha aibu zangu kwa ufupi. Mimi ni Milan Kostelnik, fundi wa matairi ya malori hapa Youngstown, Ohio, na mtunzi wa mashairi ambaye hakufundishwa na mtu. Nilinunua gari la kuuzia pirogi, yale maandazi madogo ya kuchemsha yenye viazi ndani. Likaungua siku ya tatu ya biashara, na pirogi ndani. Likaniachia deni la dola elfu sita kwenye kadi ya mkopo, kwa riba ya asilimia ishirini na saba.

Kila mwezi riba peke yake ilikula dola mia moja thelathini na tano. Nilipolipa mia moja na hamsini, deni lilipungua kumi na tano. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, na maji yenyewe nimeyanunua.

Mchumba wangu, Nicolette Sabatino, akasema wazi: harusi ya Juni haifungwi mpaka aone deni hilo lina mwisho. Ndipo ikaja ile bahasha niliyowaacha mkiishangaa. Benki mpya inaniandikia: tuletee deni lako, miezi kumi na minane hatutakutoza riba hata senti moja, ada ya kulihamisha ni asilimia tatu tu.

Nilitaka kuijibu siku ileile. Nicolette akaniwekea mkono kifuani.

"Tulia, bingwa. Kwanza niisome."

Nicolette hufanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Maandishi madogo huyasoma kama watu wanavyosoma matokeo ya mpira. Alikaa na ile barua siku mbili. Siku ya tatu akavua miwani.

"Faida ipo," alisema. "Deni elfu sita, ada mia moja na themanini. Gawanya kwa kumi na nane. Ukilipa mia tatu arobaini na tano kila mwezi, mwaka ujao unamaliza. Kila dola itapiga deni lenyewe. Riba haitaonja kitu."

"Si nilikwambia!"

"Sijamaliza. Kadi hii ni ya kuhamishia, si ya kununulia. Usinunue nayo hata pipi, Milan. Vitu vya kununua havimo kwenye hiyo sifuri, vinatozwa riba tangu siku ya kwanza. Na usichelewe kulipa. Sifuri ni yai. Likianguka hulirudishi kwenye ganda."

"Na nini tena, mwalimu?"

Hakucheka. "Na usinifiche. Hilo unalijua."

Nalijua. Baba yake, Mzee Rocco, kinyozi, aliwahi kuficha kadi miaka minne ndani ya kodiani yake. Familia iligundua siku benki ilipokuja kuchukua nyumba. Nicolette alikuwa na miaka tisa. Mpaka leo kodiani ikipigwa, yeye hutoka nje.

Basi tukakubaliana, deni likahama salama, kadi ya zamani ikafika kwenye sifuri, na Jumapili ile ya Februari ikahukumiwa kifo mbele ya familia mbili. Ndiyo kra kra kraaak.

Shangazi alifungua mashine, akakwangua vipande vyote, akavimwaga ndani ya chupa ya matango. Akaikaza kifuniko, akaitikisa kama kayamba.

"Hii itakaa katikati ya meza ya biskuti siku ya harusi," alitangaza. "Wageni wauone mzoga."

Kwetu Youngstown harusi bila meza ya biskuti si harusi, ni mkutano. Shangazi wa pande zote mbili huoka kwa miezi, wakagandisha kwenye mafriza, na siku ya siku biskuti hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Bibi harusi anaweza kusahaulika. Biskuti hazisahauliki.

Mimi nilipanda juu ya kiti. Nilikuwa na kitu mfukoni.

"Yesu wangu," alisema Mzee Rocco, "kaandika tena."

Nikakohoa, nikatoa ubeti wangu:

*Nenda deni nenda zako, nyumbani kwangu kwaheri,*
*Nimechoka na vituko, kila mwezi ni hatari,*
*Riba yako ni anguko, humeza hata sukari,*
*Sasa nina badiliko, nalala kama tajiri.*

Mzee Rocco alifuta macho kwa leso. Shangazi akasema ubeti ungefaa zaidi kama ungetaja soseji. Nicolette alinivuta suruali nishuke, akanibusu shavuni.

Hapo, msomaji, ndipo nilipopaswa kunyamaza na kurudi kwenye matairi yangu. Lakini mwenye kiburi akipewa amani, huitafutia kazi.

*

Nililala kama tajiri kweli. Benki inayopokea mshahara wangu nilikuwa nimeiagiza itume mia tatu arobaini na tano kila tarehe ishirini na tano, yenyewe, bila mimi kugusa. Bahasha za benki mpya zilipokuja sikuzifungua. Nilijua ni matangazo. Nikaziweka chini ya redio, moja juu ya nyingine, redio ikapanda kimo.

Jumatano moja ya mwisho wa Aprili ikaja bahasha ya benki ya zamani. Ile iliyokufa. Hiyo niliifungua, maana maiti ikikuandikia barua lazima usome.

Mstari wa mwisho ulisema salio langu: kutoa dola mia sita na tisini.

Nikasoma tena. Kutoa. Nikaigeuza karatasi. Kutoa bado.

Nilikimbia hadi kinyozini kwa Mzee Rocco na ovaroli yangu ya grisi. Alikuwa na mteja kitini, mzee mmoja mwenye povu hadi masikioni.

"Mzee, soma hapa!"

"Sina miwani."

"Basi sikiliza. Kutoa mia sita na tisini."

"Kutoa ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba mimi siwadai... yaani wao hawanidai. Mimi ndiye ninayewadai!"

Yule mzee wa povu akainuka nusu. "Benki? Inadaiwa? Na mtu wa matairi?"

"Ndiyo, mzee wangu. Na mtu wa matairi."

Mzee Rocco aliinua wembe juu kama padri anavyoinua kikombe. "Miaka ishirini," alisema, "miaka ishirini tangu benki inichukulie nyumba. Leo mkwe wangu anaidai benki! Kaa kitini, mwanangu. Leo unanyolewa bure."

"Na mimi je?" aliuliza mzee wa povu.

"Wewe unaidai benki? Subiri."

Unaweza kuuliza kwa nini sikujiuliza pesa hizo zimetoka wapi. Mtu akiokota noti barabarani haiulizi barabara. Na wembe wa bure ulikuwa umeshafika kidevuni.

Nilitoka pale nanukia manukato, natembea kama niliyenunua mtaa. Nikapita chini ya kanisa, kwenye ule ukumbi ambamo shangazi kumi na mmoja walikuwa wakioka tangu asubuhi. Nikawakuta wamekaa. Shangazi wanaooka hawakai.

"Kuna nini? Kafa nani?"

"Siagi," alisema Shangazi Ludmila. "Na lozi, na sukari ya unga. Tumefika elfu moja na mia mbili tu, na mfuko wa michango umekauka. Wale wa upande wa Sabatino wameshaanza kunong'ona kwamba Wakostelnik wataleta biskuti za dukani."

"Za dukani!"

"Wamesema hivyo. Mbele yangu."

Wasabatino watatu waliokuwamo humo wakatazama dari.

Msomaji, kuna maneno yanayoweza kumuua mwanamume wa Youngstown, na "biskuti za dukani" yamo. Nilihisi damu ikipanda hadi kwenye kidevu changu kilichonyolewa. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Ukatoka na kadi mpya.

"Shangazi," nilisema, "nunua."

"Milan. Nikki si alisema kadi hiyo..."

"Nikki alisema hivyo kwa Milan maskini. Huyu ni Milan anayeidai benki. Nunua siagi, nunua lozi, nunua mpaka wenye duka waulize kama Papa anakuja."

Walinunua. Dola mia sita na arobaini. Nilipiga hesabu kichwani, nikaipenda: benki ya zamani inirudishie mia sita na tisini, nifute mia sita na arobaini, nibakiwe na hamsini ya kumnunulia Nicolette maua, na asijue kitu. Kuficha kwa siku tatu, nilijiambia, si kuficha. Ni kuchelewa kusema.

*

Ijumaa saa tisa mchana nilikuwa ukumbini nimefungwa aproni ya maua, napanga biskuti ya elfu tatu kwenye trei. Simu ikaita. Namba sikuijua. Nikajua: ni wao, wanaleta pesa yangu.

"Mdeni wangu!" nilipaza sauti. Shangazi wote wakageuka. "Hatimaye umenitafuta."

"Bwana Kostelnik?" Sauti ya mwanamke, ya upole, iliyochoka. "Naitwa Verlene, kitengo cha kadi. Simu hii inarekodiwa."

"Irekodiwe! Ndiyo ushahidi."

"Nakupigia kutoka benki uliyohamishia deni lako, bwana. Tumekuandikia mara nne."

Nilikumbuka redio na kimo chake.

"Akaunti yako," akaendelea, "haijapokea malipo hata mara moja tangu ifunguliwe."

"Dada Verlene, hapo umekosea mtu. Mimi nalipa mia tatu arobaini na tano kila tarehe ishirini na tano. Zinakwenda zenyewe."

"Zinakwenda wapi, bwana?"

Nilifungua simu niangalie. Vidole vyangu vilikuwa na unga, kioo kikawa cheupe. Nikakifuta kwa aproni. Agizo la malipo lilikuwa lile lile la zamani. Nilikuwa nimebadilisha kiasi tu. Jina la anayepokea sikuligusa.

Nilikuwa nimeilipa kadi iliyokuwa ndani ya chupa ya matango.

"Bwana Kostelnik? Upo?"

"Nipo."

"Kwa hiyo umekuwa unalipa deni ambalo halipo."

"Na lililopo?"

"Hilo limekusubiri siku hamsini na saba. Ikifika sitini, sifuri yako inaondoka. Itakuwa asilimia ishirini na tisa, juu ya deni lote. Una mpaka Jumatatu saa kumi na moja jioni."

"Nikilipa kabla ya hapo?"

"Ukilipa malipo mawili ya chini uliyoyaruka na faini zake mbili, inabaki. Jumla dola mia mbili na tatu. Na awamu ya mwezi huu nayo inafuata."

Mfukoni nilikuwa na thelathini na moja. Jana yake nilimaliza kulipa ukumbi wa harusi. Mshahara ni Ijumaa ijayo.

"Dada Verlene, na... tuseme kuna mtu alinunua siagi?"

"Naiona, bwana. Siagi inatozwa riba tangu Jumatano." Nikamsikia anazuia kicheko. "Nisamehe. Kwenye kazi hii nimeliliwa, nimetukanwa, nimeombewa laana. Wewe ni wa kwanza kuniita mdeni wake."

Nilikata simu. Shangazi Ludmila alikuwa ameshanisogelea.

"Mwanangu, umekuwa rangi ya unga. Au ni unga?"

Nikawaeleza. Kisha Shangazi akapiga meza kwa kiganja, biskuti zikaruka.

"Wewe si unazo mia sita na tisini huko kwa hao wa zamani? Zidai! Sasa hivi!"

Kweli! Nilikuwa nimesahau kwamba bado mimi ni tajiri. Nikapiga. Nikaongea na mashine, nikapigiwa muziki, nikaongea na mashine nyingine, mwisho nikampata kijana mmoja mwenye sauti ya mtu anayekula.

"Pesa zako zipo, bwana. Nitajie tu tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi."

"Kadi imesagwa."

"Imeibiwa?"

"Imesagwa. Kwenye mashine ya soseji."

Kutafuna kukakoma. "Bwana, kwenye kompyuta yangu kuna kupotea, kuibiwa na kuharibika. Soseji haipo."

"Ngoja usikate! Usikate!"

Shangazi alikuwa tayari ameinyakua chupa ya matango kutoka katikati ya meza ya biskuti. Akaimwaga mezani, chwaaa, vipande mia vya plastiki katikati ya sukari ya unga. Shangazi kumi na mmoja wakainama na vibanio vya kupambia keki. Sijawahi kuona wapasuaji makini kama wale.

"Nina kipande cha herufi!"

"Weka kando, tunatafuta namba za ule utepe mweupe wa nyuma."

"Hii ni nne! Nne na sifuri, zimeshikana!"

"Bado moja! Bado moja!"

Ya tatu haikuwepo. Shangazi Ludmila akakimbilia mashine yake aliyoileta kusagia lozi, akafungua kisu chake, akachokonoa kwa pini ya nywele. Kikadondoka kipande kidogo kama ukucha.

Sote tukakizunguka. Shangazi mmoja wa Sabatino akainamisha kichwa kulia. Mwingine akakiinamisha kushoto.

"Ni sita," alisema huyu.

"Ni tisa," alisema yule.

"Sita! Kadi iliingia kichwa chini, nilikuwepo!"

"Na ilitoka vipi, ulikuwepo pia?"

"Bwana," ilisema simu, "ukikosea mara mbili, akaunti inafungwa mpaka uje ofisini na kitambulisho. Ofisi zetu zipo jimbo la Delaware."

Kura zikapigwa. Sita ilipata nane, tisa ikapata tatu. Nikavuta pumzi. "Nne, sifuri, sita."

"Sivyo."

Wale watatu wa tisa wakakunja mikono vifuani, kimya, kama watakatifu kwenye vioo vya dirisha.

"Nne, sifuri, tisa!"

"Hongera, bwana Kostelnik."

Ee! Ukumbi ulilipuka. Trei ziligongwa, unga ulirushwa juu, Shangazi Ludmila alinishika mikono tukazunguka meza nzima, ngoma ikiwa ni sufuria. Mimi ni tajiri! Mimi ni Milan! Nikamwimbia kijana wa benki beti mbili ambazo sitazirudia gazetini.

"Mashairi mazuri," alisema. "Hundi itatumwa kwa posta. Siku saba hadi kumi za kazi."

Sufuria ilikoma.

"Jumatatu," nilisema. "Nazihitaji Jumatatu."

"Siku saba hadi kumi, bwana. Kuna jambo jingine nikusaidie?"

*

Sikumsikia akiingia. Niliona tu shangazi wakiacha kunitazama mimi, wakatazama nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyozimwa.

Nicolette alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazini. Aliitazama chupa tupu. Akavitazama vipande vilivyopangwa kwenye sukari.

"Kwa nini marehemu amefufuliwa?"

"Nikki, ni jambo dogo sana..."

Alikuwa ameshafika mezani. Kando ya trei palikuwa na risiti ya duka, ndefu kama skafu. Aliisoma kutoka juu hadi chini, kama anavyosoma kila kitu. Chini kabisa kulikuwa na namba nne za mwisho za kadi. Akatazama kadi mpya, iliyokuwa inachungulia mfukoni mwa aproni yangu ya maua.

"Lini?"

"Jumatano."

"Leo ni Ijumaa."

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini?"

Mimi, mwenye beti mfukoni kwa kila jambo, nilitazama viatu vyangu. Basi nikasema yote: agizo la malipo, redio, siku hamsini na saba, mia mbili na tatu, Jumatatu saa kumi na moja. Niliposema "biskuti za dukani" sauti yangu ikapanda kidogo, na hapo akainua kidole, nikashusha.

"Kosa la kwanza ningelicheka," alisema. "Kutuma pesa kwa kadi iliyokufa! Ningekucheka mpaka uzeeni, ningewasimulia wajukuu. Lakini siagi ulijua. Siku mbili hizi zote ulinipigia, ukaniuliza nimekula nini, na siagi ulikuwa unaijua."

"Nilitaka kuifuta kabla hujaiona."

"Hata baba alitaka hivyo. Miaka minne alikuwa anafuta kabla hatujaona."

Alivua pete. Hakunirushia, hakulia. Aliidondosha ndani ya chupa ya matango, ting, akarudisha kifuniko, akakikaza.

"Sijavunja harusi," alisema. "Nimeihifadhi mahali unapohifadhi vitu vyako."

Shangazi Ludmila akasogea, ameshika pochi. "Nikki, mama, mia mbili tu. Mimi hapa ninazo, nimpe mtoto yaishe..."

"Hapana, Shangazi. Samahani." Akanigeukia. "Usikope kwake. Usikope kwa baba, usikope kwa mtu wa matairi mwenzako. Umeshalitoa deni benki moja ukalipeleka nyingine. Sasa unataka kulitoa benki ulipeleke kwa shangazi. Sikiliza vizuri, Milan Kostelnik. Deni likihama tena, na mimi nahama."

Akaichukua chupa kwapani, akaanza kuelekea mlangoni.

Nilitazama mikono yangu. Unga. Nilitazama meza. Trei baada ya trei, kutoka ukuta hadi ukuta: za jamu, za lozi, zile nyembamba za Wasabatino zilizochorwa kama theluji, zote zinang'aa sukari. Biskuti elfu tatu. Keshokutwa ni Jumapili, na baada ya misa watu mia nne hushuka ngazi za kanisa na njaa yao.

Nilijua ninachotaka kusema, na nilijua ni nani watakaoniua nikikisema.

Nikapanda juu ya kiti.

"Nicolette!"

Akasimama. Hakugeuka, lakini alisimama.

"Sina shairi," nilisema. "Nina ahadi. Jumapili baada ya misa nitasimama kwenye ngazi na kuuza biskuti hizi, dola moja moja. Jumatatu kabla ya saa kumi na moja mia mbili na tatu zitakuwa zimelipwa, na utaangalia wewe mwenyewe kwenye simu yangu. Siagi nayo nitaifuta yote. Sitakopa hata senti. Na kila biskuti nitakayouza nitaioka tena kwa mikono hii kabla ya Juni, hata nikose usingizi, hata nioke za kwako zile za theluji. Naahidi mbele ya watu wote hawa."

Akageuka. Pembe moja ya mdomo wake ilitaka kupanda, akaizuia.

Nyuma yangu, vifimbo kumi na kimoja vya kusukumia unga vilisimama kwa pamoja. Nikasikia viatu vya Shangazi Ludmila vikija, taratibu, ko, ko, ko, mpaka chini ya kiti changu.

"Rudia, mwanangu," alisema kwa upole wa kutisha. "Masikio yangu yana unga. Utauza nini?"

Sikumtazama yeye. Nilimtazama Nicolette, na chupa iliyokuwa kwapani mwake, na kitu kidogo kinachong'aa ndani yake.

"Biskuti za harusi, Shangazi," nilisema. "Hadi ya mwisho. Nimemwahidi."